Debe la Mama

Vijana wengi wa Titye hawajui kwamba debe, kabla ya kuwa kipimo cha mahindi, lilikuwa chombo cha mafuta ya taa. Lilikuja limejaa galoni nne, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, fundi bati alilifungua juu, akatia mpini wa mti, nalo likaanza maisha ya pili. Ndiyo maana hadi leo tunasema gunia la debe sita, hata kama kinachopimia ni ndoo ya plastiki.

Mama alikuwa na madebe matatu: la maharage, yaliyochanganywa na majivu yasibunguliwe, la unga wa muhogo, na la chumvi ya Uvinza. Mbegu za mahindi na mtama zilikaa katika vyungu alivyoachiwa na bibi.

Mwaka 1972 ilikuja Operesheni Kigoma, nasi tukahamishwa kutoka mlimani kwenda kijiji kipya kando ya barabara. Mimi, mwalimu niliyetoka chuoni karibuni, ndiye niliyemhimiza mama afanye haraka. Vyungu vilipasuka njiani, mbegu zikamwagika. Madebe yalifika yamebonyea, lakini yalifika.

Mama hakunilaumu. Aliuliza tu, “Mwalimu, sasa tutapanda nini?” Sikuwa na jibu. Tulipanda maharage ya debeni, tukala kwa kubana.

Nimefundisha historia ya vijiji vya Ujamaa miaka mingi. Swali la mama sikuwahi kuliandika ubaoni. Debe lake moja ninalo bado, na maharage yamo.