Jina Muruatetu na kitabu cha matanga

Wengi wenu mkiskia "Muruatetu" mnadhani ni soko fulani. Huku Kisii na Nyamira kuna akina mama wanalijua hilo jina kuliko la MCA wao.

Tarehe 14 Desemba 2017, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, waliohukumiwa kunyongwa kwa mauaji. Majaji wakasema kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo bila kuangalia mazingira ya kesi ni kinyume cha Katiba. Na mjue Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Shida ilikuwa kukaa ndani bila tarehe. Kibaki 2009 na Uhuru 2016 waligeuza hukumu za kifo kuwa maisha, lakini tarehe bado hakuna, kwa sababu mfungwa wa miaka hupunguziwa theluthi akiwa na nidhamu, wa maisha hapunguziwi.

Sasa kuna omong'ina jirani yetu. Kijana wake alifungwa kwa wizi wa mabavu, kifungu 296(2). Hapo mkiwa wawili tu, hata bila silaha, inatosha. Baada ya 2017 wafungwa wa kesi kama yake wakaanza kurudi kortini, wengine wakapewa miaka, wengine wakaenda nyumbani. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili ndiye nilimwandikia ombi. Tukangoja nakala ya mwenendo wa kesi. Tukangoja sana.

Tarehe 6 Julai 2021 Mahakama ya Juu ikafafanua: uamuzi ule ni wa mauaji pekee, makosa mengine yaletwe na kesi yao. Kisheria naelewa, hawakuwa wameulizwa kuhusu wizi. Lakini eti aliyeua apate nafasi ya kuhesabiwa miaka na aliyeiba asipate? Hapo mimi nakataa.

Kwa hivyo sasa hapingi adhabu tena, anapinga kupatikana na hatia kwenyewe. Ukimaliza rufaa zako, Katiba, 50(6), inakuruhusu kuomba Mahakama Kuu kesi isikizwe upya ukiwa na ushahidi mpya na mzito.

Wiki jana omong'ina aliniletea kitabu cha michango ya matanga kutoka kijiji jirani. Usiku wa wizi, jina la kijana liko pale, shilingi hamsini. Nikamwambia, "Mama, watauliza mbona hamkukileta wakati ule."

"Nani aliniuliza wakati ule?"

Amekifunga kwa karatasi ya nailoni. Jumatatu tunapanda matatu kwenda Kisii.