Sikio Lisilolipwa: Historia ya Uziwi wa Kazini kutoka Ziwa Mweru hadi Migodi ya Shaba

1.0 Utangulizi

Kisiwa cha Chisenga, wilayani Nchelenge, kimo pale Mto Luapula unapokaribia kuingia Ziwa Mweru. Maisha ya hapo ni ya uvuvi, wala si ya viwanda. Hata hivyo, historia ya ukanda huu haitengani na historia ya mitambo, kwa kuwa vijana wake wengi walikwenda kuuza nguvu zao migodini. Makala haya yanajadili namna kelele za kazi zilivyodhuru usikivu wa wafanyakazi, na kwa nini dhara hilo lilichelewa kutambuliwa. Hoja kuu ni kwamba uziwi huu ulifichwa na mambo mawili: mwendo wake wa polepole na lugha yenyewe.

2.0 Kutoka Ziwani hadi Kwenye Shaba

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ukaanzishwa mwaka 1910. Kampuni ya Robert Williams iliiandikishia vibarua kutoka Rhodesia ya Kaskazini, bonde la Luapula likiwemo, na samaki wa Mweru wakalisha makambi ya wafanyakazi. Migodi ya Roan Antelope, Nkana na Mufulira ilipoanza uzalishaji mwanzoni mwa miaka ya 1930, wengi waligeukia huko. Kote walikutana na vinu vya kusagia mawe na keekee za kutobolea miamba, ambazo mlio wake hupita desibeli 100.

Hatari hiyo haikuwa siri. Mwanzoni mwa karne ya 18, tabibu Bernardino Ramazzini alieleza uziwi wa wafua shaba wa Venice. Mwaka 1886, Thomas Barr aliwapima watengenezaji 100 wa matangi ya mvuke huko Glasgow, asimpate hata mmoja mwenye usikivu kamili. Maarifa, basi, yaliitangulia Union Minière kwa miaka 20. Hata hivyo, katika Copperbelt ni vumbi lililotangulia kupata sheria na uchunguzi wa kitabibu, kwani silikosisi huua na huonekana katika picha ya eksirei. Uziwi hauui wala hauachi jeraha.

3.0 Lugha Inapolaumu Sikio

Kelele huanza kuharibu seli za koklea zinazopokea sauti za juu, hasa karibu na hezi 4,000. Mwathirika huendelea kusikia irabu, lakini konsonanti kama s, f na sh humpotea. Kwake, fika na shika hukaribia kuwa neno moja. Anajua kwamba ameitwa, ila hajui ameambiwa nini.

Hapa ndipo lugha inapoongeza mzigo. Katika Kiswahili, kilichokuwa lugha ya kazi Katanga, kusikia ni pia kutii. Mtu asiyesikia ni mkaidi. Methali isemayo sikio la kufa halisikii dawa nayo hulilaumu sikio lenyewe. Kwa msamiati huo, ni rahisi dhara la mtambo kuchukuliwa kuwa kiburi kazini, na kuwa uzee mtu arejeapo kijijini.

4.0 Sheria na Hali ya Sasa

Mkataba Na. 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, uliiweka kelele pamoja na hewa chafu na mtetemo. Zambia iliuridhia mwaka 1980, na Tanzania mwaka 1983. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu viwanda vinne vya chuma Tanzania ulionyesha dhara la usikivu kwa asilimia 48 ya wafanyakazi, likilinganishwa na asilimia 31 ya walimu wa shule za msingi.

5.0 Hitimisho

Fidia hudaiwa kwa maneno. Mfanyakazi ambaye lugha yake inamwita mkaidi au mzee hana jina la kuandika katika fomu ya madai. Wanaleksikografia wana wajibu wa kuyaeneza maneno kama uziwi wa kazini na kipimo cha usikivu hadi karakana na zahanati. Wanahistoria nao wawahoji wazee wa Luapula waliopitia migodini, kwa sauti ya taratibu na ana kwa ana, kabla ushahidi wao haujapotea.