Majira ya Uwindaji Katika Nyika ya Galana

Baada ya hesabu za fedha na habari za mikutano, yafaa tutenge nafasi kidogo kwa habari za watu waliotutangulia. Safari hii twaandika juu ya Waata, ambao watu wa pwani wamezoea kuwaita Waliangulu, na jinsi walivyowinda ndovu katika nyika iliyo kati ya mto Tana na mto Galana, ule ambao ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Wengi wamesikia kwamba Waata walikuwa mabingwa wa uta. Ni wachache wanaojua kwamba sehemu kubwa ya ubingwa huo ilikuwa katika kuyasoma majira ya mwaka.

Kwanza tutazame silaha yao. Uta wa Mwata ulikuwa mrefu na mgumu, na kuuvuta hata mwisho kulihitaji nguvu ya ratli 100 na zaidi. Mshale ulipakwa sumu iliyopatikana kwa kuchemsha vijiti na magome ya mti mpaka maji yakawa mazito na meusi mithili ya lami. Sumu hiyo hushika moyo. Mwaka 1888 mtaalamu Mfaransa aitwaye Arnaud alikitenga kiini chake, na baadaye madaktari wa Ulaya wakakitumia kwa kipimo kidogo sana kutibu wagonjwa wa moyo. Mwindaji alikizungushia kigumba ukanda mwembamba wa ngozi, ili sumu isikauke wala isimdhuru yeye mwenyewe. Lakini hata kwa silaha kama hiyo ilimpasa kumkaribia ndovu kwa hatua chache tu, na namna ya kumkaribia haikuwa moja mwaka mzima.

Wakati wa kiangazi, yaani tangu Januari hata Machi, na tena tangu Juni hata Oktoba, vidimbwi vya nyika hukauka na miti hupukutisha majani. Hapo ndovu hawana budi kurudi kwenye mto Galana, au kuchimba maji katika mchanga wa mito iliyokauka kama Tiva. Mwindaji hakuwa na haja ya kuzunguka huku na huko. Alikwenda majini alfajiri, akachagua nyayo za dume mkubwa aliyekunywa usiku, akazifuata. Shida yake ilikuwa nyingine: majani makavu hulia chini ya mguu, na kichaka kisicho na majani hakimfichi mtu. Kwa hiyo alingoja jua la mchana, wakati ndovu wamesimama kivulini wakipumzika, kisha akanyemelea huku akimwaga vumbi au majivu kidogo ili ajue upepo unakwenda wapi. Upepo ukigeuka, kazi ya siku nzima ilipotea.

Mvua za kwanza zilibadili mambo yote. Umeme ukionekana mbali na mawingu yakijikusanya, ndovu huondoka mtoni wakaelekea kule mvua iliponyesha, maana huko kuna majani mabichi na maji ya vidimbwi. Mwindaji aliyezijua njia zao za kale aliweza kuwatangulia. Aliyechelewa alikuta mto mtupu.

Masika na vuli zikishika barabara, ndovu walitawanyika nyika nzima. Ni kweli kwamba nyayo huonekana wazi katika matope, na kichaka chenye majani humficha mtu. Lakini humficha ndovu vilevile, na mtu aweza kumkuta ghafla mbele ya uso wake. Zaidi ya hayo, upote uliosokotwa kwa kano za mnyama hulegea ukilowa. Basi katika majira hayo uwindaji wa ndovu ulipungua, na watu wakategemea zaidi asali na wanyama wadogo. Twaweza kusema kwamba mvua ilikuwa sheria ya uwindaji kabla ya kuwako sheria yo yote ya serikali. Pembe zilinunuliwa kwa hamu siku zote, na Wagiriama walizipeleka kwa wafanya biashara wa pwani. Lakini mwenye uta hakuweza kuilazimisha nyika impe ndovu wakati wa mvua kama wakati wa kiangazi.

Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilitangaza Hifadhi ya Taifa ya Tsavo, eneo la maili za mraba zipatazo 8,000. Mpaka wake uliingiza ndani sehemu kubwa ya mto Galana na mto Tiva. Mtu akiitazama ramani huona kwamba Waata walipoteza ardhi. Mtu anayeyajua majira huona zaidi: walipoteza kiangazi chao. Katika miaka ya 1956 na 1957 mabwana nyama na askari wao waliendesha msako mkubwa, na wawindaji wengi wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango wa Galana, mashariki ya hifadhi, ili Waata wapate kuwinda kwa idhini. Lakini haukudumu miaka mingi. Mwaka 1977 uwindaji ulipigwa marufuku katika Kenya yote.

Hatusemi kwamba wawindaji hawakuwa na lawama. Tamaa ya pembe iliwaingia wengi, na wanyama walihitaji ulinzi. Lakini tukumbuke yaliyofuata. Katika ukame wa 1970 na 1971 maelfu ya ndovu walikufa Tsavo, hasa majike na watoto wao, kwa sababu walishindwa kwenda mbali na maji na malisho ya karibu yalikuwa yamekwisha. Kisha wakaja majangili wenye bunduki za kisasa. Makadirio ya ndovu wa Kenya yalikuwa zaidi ya 160,000 mwaka 1973. Kufikia 1989 walibaki kama 16,000 tu. Bunduki haikungoja kiangazi, wala haikuzuiwa na upote uliolowa.

Uwindaji ule hautarudi, wala hatuombi urudi. Lakini elimu ile haikukatazwa na sheria yo yote, nayo yapotea kila mzee azikwapo. Kwa hiyo twawaomba wanachama wenye wazee nyumbani wawaulize majina ya visima, ya miti na ya pepo, na dalili za mvua, kisha wayaandike. Vijana wetu wanaoajiriwa kulinda wanyama, na wenzao wanaochunga ng'ombe, wataihitaji elimu hiyo, kwa maana mvua na kiangazi vingali vinaitawala nyika kama zamani.