Vazi la Shujaa na Madai ya Wasomaji: Hadithi za Picha kutoka Dar es Salaam hadi Milima ya Kibakwe, 1967–2018

Philip Ndunguru alifariki dunia mwaka 1986. Jarida la Sani, ambalo kwa kiasi kikubwa ndiye aliyelipa sura yake, lilikuwa limeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1979 na Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Silabi za mwanzo za majina yao ndizo zilizounda jina la jarida hilo. Ndunguru aliacha nyuma kundi la wahusika ambao umaarufu wao ulikwishampita yeye mwenyewe: Lodi Lofa, Ndumilakuwili, Komredi Kipepe na Pimbi. Msanii amekwenda, wahusika wamebaki. Je, wahusika hao wazikwe pamoja naye, au wapewe mkono mwingine wa kuwachora? Na wakipewa mkono mwingine, je, mkono huo una ruhusa ya kuwavika nguo mpya?

Swali hilo huonekana dogo mbele ya masuala ambayo historia ya Tanzania ya miaka ya 1980 imezoea kuyashughulikia, yaani uhaba wa bidhaa, deni la nje na masharti ya wakopeshaji. Makala haya yanadai kwamba si dogo. Mzozo kuhusu sura na vazi la mhusika wa kubuni ni mzozo kuhusu umiliki: kati ya mchoraji, mchapishaji na msomaji, nani ana neno la mwisho? Nchini Marekani jibu limetafutwa kwa kelele na kwa pesa. Nchini Tanzania limetafutwa kwa namna nyingine, na namna hiyo haiwezi kueleweka bila kuzingatia jinsi maandishi yalivyosafiri na jinsi yalivyosomwa mbali na Dar es Salaam.

Kibakwe ni mfano unaofaa kwa jambo hilo. Kata hiyo iko katika nchi ya milima ya Wilaya ya Mpwapwa, mkoani Dodoma, kusini mwa mji wa Mpwapwa. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, haikupita Mpwapwa mjini, ilipita Gulwe. Kwa hiyo karatasi yoyote iliyochapishwa pwani na kusafirishwa kwa treni ilishushwa Gulwe, ikapandishwa kwa barabara hadi Mpwapwa, na ndipo ikaanza safari nyingine ya kupanda milimani. Jarida linalosafiri hivyo haliji kila mwezi kwa tarehe yake. Huja mkononi mwa mwalimu aliyetoka likizo, au ndani ya mzigo wa mfanyabiashara, mara nyingi likiwa limepoteza jalada. Mpangilio wa namba za matoleo, ambao kwa mkusanyaji wa New York ni jambo la imani, hapa hauna uzito mkubwa. Kinachobaki na maana ni kumtambua mhusika mara tu ukurasa unapofunguliwa.

Wasomaji wenyewe nao walikuwa kizazi kipya. Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilikuwa imewahamishia watu wa nyanda za kati katika vijiji vilivyopangwa, kwa manufaa na kwa machungu ambayo wanahistoria bado wanayajadili. Kampeni za kisomo cha watu wazima zilishusha kiwango cha kutojua kusoma nchini kutoka takribani asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilifungua njia ya elimu ya msingi kwa wote, iliyotekelezwa kuanzia mwaka 1977. Sani ilipoanza mwaka 1979, kijijini palikuwa na watoto na watu wazima waliojua kusoma lakini wasio na cha kusoma zaidi ya vitabu vya shule na magazeti ya chama na serikali. Katika hali hiyo nakala moja haikuwa na msomaji mmoja. Ilisomwa kwa sauti, ikaazimwa, ikarudiwa. Mtafiti anayepima mwitikio wa wasomaji kwa hesabu ya mauzo peke yake atakuwa anapima Dar es Salaam na kuiita Tanzania.

Kabla ya kurudi kwa Ndunguru, ni lazima kuangalia shujaa mwingine ambaye vazi lake lilikuwa hoja kubwa kuliko visa vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 jarida la African Film, lililotolewa na Drum Publications ya Jim Bailey, lilieneza katika Afrika Mashariki na Magharibi visa vya Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika aliyesimuliwa kwa picha za kamera badala ya michoro. Spearman alivaa suti, tai na kofia, aliendesha gari la kifahari, alikunywa alichotaka. Lugha yake ilikuwa Kiingereza, lakini picha hazihitaji mkalimani. Muda si mrefu mwandishi Faraji Katalambulla, ambaye riwaya yake ya upelelezi Simu ya Kifo ilitoka mwaka 1965, alileta hadithi za picha za kamera kwa Kiswahili katika jarida la Film Tanzania.

Wakati huohuo vazi lilikuwa limekuwa jambo la dola. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 1967. Mwaka huo na uliofuata Wamasai walishinikizwa kuacha mavazi yao ya asili kwa jina la maendeleo. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kuchubua ngozi na suruali za kubana kuanzia Januari 1969. Magazeti yalijaa barua za wasomaji. Waliounga mkono walisema mavazi hayo ni utumwa wa kizungu. Waliopinga waliuliza kwa nini suti ya mwanamume, nayo ya kizungu, haikuguswa. Na wengine waliona kinyume kilicho dhahiri, kwamba Mmasai alishutumiwa kwa kufuata asili, na msichana wa mjini kwa kutoifuata. Barua hizo ni ushahidi muhimu kuliko unavyothaminiwa. Zinaonyesha kwamba msomaji wa Tanzania wa mwaka 1968 alikuwa na uzoefu wa kubishana hadharani kuhusu vazi, kwa hoja na kwa kejeli, muda mrefu kabla mtu yeyote hajamwita shabiki. Suti ya Lance Spearman ilisomwa mbele ya macho hayo. Haikuwa pambo tu. Ilikuwa sura ya mwanamume wa mjini ambayo marufuku ile iliipitia pembeni.

Katika wahusika wa Ndunguru vazi na jina hufanya kazi pamoja. Lodi Lofa ana mzaha wake wote ndani ya jina: lodi ni cheo cha kibwanyenye, lofa ni mtu asiye na kazi wala senti. Komredi Kipepe anabeba cheo cha wanamapinduzi katika jina linalopeperuka. Ndumilakuwili ni yule yule wa msemo, anayeuma na kupuliza. Pimbi ni mnyama mdogo wa majabali, na jina lake kwa mtu mfupi halihitaji maelezo. Mtafiti Jigal Beez ameonyesha jinsi visa vya Komredi Kipepe vilivyofuata nyayo za Asterix wa Ufaransa, jambo linalokanusha dhana kwamba Sani ilikuwa kisima kilichofunikwa. Ndunguru aliazima, lakini aliyoazima yaliingia katika mstari wake mwenyewe.

Baada ya 1986 wahusika hao waliendelea kuchorwa na wasanii wengine, na njia iliyochaguliwa ilikuwa kuufuata mtindo wa marehemu. Hakukuwa na tangazo la mwanzo mpya, wala namba ya toleo kurudishwa moja, wala Kipepe kuvishwa nguo za enzi mpya ingawa enzi mpya ilikuwa inaingia kwa kishindo: Rais Nyerere alikwishang'atuka mwaka 1985 na mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa ulitiwa saini mwaka 1986. Ni rahisi kuiita hali hiyo uvivu wa ubunifu, na wachoraji wa miaka ya 1990 waliojitafutia sura zao wenyewe wangeweza kuielewa hivyo. Maelezo bora zaidi yanatokana na mapokeo. Msimulizi wa ngano hufa, na Sungura hafi. Anayesema "Paukwa" huitikiwa "Pakawa" na watu wanaoijua hadithi tayari, na wanaomsahihisha akikosea. Mwandani wa mapokeo hayo anamiliki mhusika kwa kumjua, si kwa kumnunua.

Lakini hapo hapo pana tofauti inayostahili kusisitizwa. Ngano hailindi vazi. Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 9, alifika pwani ya Afrika Mashariki kama Abunuwasi mjanja, akavuliwa ushairi wake na kuvishwa ujanja, na hakuna aliyelalamika. Katika masimulizi ya mdomo kinacholindwa ni tabia: Abunuwasi avae kanzu au shuka, sharti amshinde tajiri. Uchapishaji ndio uliohamisha ulinzi huo kutoka kwenye tabia kwenda kwenye mstari. Mara mhusika anapokuwa na pua ya namna fulani na miguu ya namna fulani, pua na miguu huwa sehemu ya tabia yake. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo kadhaa, na suala halikuzuka kwa sababu mkono ulikuwa mmoja. Sani ilikumbana nalo mapema.

Mfano wa Marekani unaonyesha kinachotokea pale mchapishaji anapoamua kinyume. Tarehe 31 Agosti 2011 kampuni ya DC ilitoa Justice League namba 1, ya Geoff Johns na Jim Lee, na mwezi uliofuata ikaanza upya majarida yake, jumla 52, kila moja kwa namba 1. Action Comics, ambalo lilimzaa Superman mwaka 1938 na lilikuwa limefika namba 904, nalo lilirudishwa mwanzo. Superman alipoteza kaptura nyekundu aliyoivaa juu ya nguo ya buluu tangu alipobuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, akapewa vazi la kivita lenye kola ndefu. Wonder Woman alikuwa amekwishavishwa suruali ndefu na koti mwaka 2010. Baada ya malalamiko, picha za matangazo ya 2011 zilizokuwa bado na suruali zilibadilishwa kabla ya jarida kutoka. Barbara Gordon, aliyekuwa kwa zaidi ya miaka 20 shujaa anayetumia kiti cha magurudumu kwa jina la Oracle, alirudishwa kuwa Batgirl anayetembea, na wasomaji wenye ulemavu wakasema wamenyang'anywa mmoja wa wachache waliofanana nao.

Wachambuzi wengi wamezoea kuyaweka malalamiko hayo yote katika kapu moja la kutamani ya zamani. Hilo ni kosa la kiuchambuzi. Msomaji anayelilia kaptura ya Superman na msomaji anayelilia kiti cha Oracle hawadai kitu kimoja. Wa kwanza anadai kumbukumbu. Wa pili anadai nafasi yake duniani. Kampuni iliwajibu kwa utaratibu uleule, yaani kwa kuangalia mauzo, na matokeo yake yanajieleza: namba za zamani zilirejeshwa mwaka 2016, na kaptura ilirudi mwaka 2018 katika toleo la 1000 la Action Comics. Oracle hakurudishwa kwa haraka kama hiyo.

Afrika Mashariki yenyewe imo ndani ya historia hiyo, kama mandhari zaidi ya kama msomaji. Storm, aliyeanzishwa na Len Wein na Dave Cockrum mwaka 1975, ni binti wa mama Mkenya, na hadithi yake inamweka Kenya akiabudiwa kama mungu wa mvua. Mwaka 1983, katika toleo la 173 la Uncanny X-Men, Chris Claremont na Paul Smith walimnyoa nywele pande zote mbili na kumvisha ngozi nyeusi. Mshtuko wa wasomaji ulitabiriwa ndani ya hadithi yenyewe: msichana Kitty Pryde anamwona na kulemewa na majonzi. Kwa msomaji wa nyanda za kati, ambako mwenye kuleta mvua alikuwa mtu wa heshima na wa hatari katika jamii ya Wagogo, jambo la ajabu lisingekuwa nywele. Lingekuwa mganga wa mvua anayeondoka na kuiacha nchi yake bila kuulizwa na mtu. Ukosoaji wa namna hiyo hauonekani katika kurasa za barua za Marekani, kwa kuwa aliyestahili kuuandika hakuwa katika orodha ya wanunuzi.

Njia ya tatu ilijitokeza Nairobi mwaka 2010, wakati jarida la Shujaaz lilipoanza kugawiwa bure ndani ya gazeti la Daily Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa. Shujaa wake, DJ Boyie, hana joho wala barakoa. Ni kijana aliyemaliza shule na kukosa kazi, anayeendesha kituo cha redio cha siri. Wasomaji walimwandikia ujumbe wa simu kana kwamba yuko, naye akawajibu. Jarida lilipoingia Tanzania mwaka 2015, Boyie hakubadilishwa mavazi wala hakutafsiriwa kutoka Sheng. Aliachwa Nairobi, na nafasi yake nchini ikachukuliwa na kijana mwingine, DJ Tee, anayezungumza Kiswahili cha Tanzania, na ambaye msomaji angeweza kumtumia ujumbe wa simu hata kutoka mahali ambapo jarida lenyewe lilichelewa kufika.