Umeme wa usiku ni rahisi kwa nani? Historia ya bei na saa katika mji wa Lubumbashi

Wasikilizaji na wasomaji wetu wa Lubumbashi, pamoja nanyi ndugu zetu mliofika huku mkikimbia vita kutoka Mitwaba, Pweto na Manono, na wengine kutoka mbali zaidi, upande wa Kivu: kuna swali moja linalorudi mara nyingi. Watu wanasikia kwamba katika nchi nyingine umeme wa usiku unauzwa bei ya chini kuliko ule wa mchana. Wanauliza kama tarifa ya namna hiyo ingeweza kupunguza matumizi ya nyumba hapa kwetu.

Jibu ni kwamba inaweza, lakini si kwa kila nyumba. Tena katika Katanga kuna sababu ya zamani inayofanya jambo hili liwe gumu kuliko kwa wengine. Ili kuielewa, turudi nyuma zaidi ya miaka mia.

Umeme uliozaliwa kwa ajili ya shaba

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, wakati reli ilipofika kutoka kusini. Mwaka 1911 tanuru la Union Minière, lile ambalo bomba lake la moshi tunaliona mpaka leo, lilianza kuyeyusha shaba. Moto wake ulitegemea makaa ya mawe yaliyoletwa kwa treni kutoka Wankie, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe. Makaa yale yalikuwa ghali, na safari ilikuwa ndefu. Tena kampuni ilitaka kusafisha shaba kwa njia ya elektrolizi, yaani kupitisha umeme ndani ya maji ya asidi mpaka shaba safi inaganda kwenye vibao. Kazi hiyo inakula umeme mwingi sana.

Ndiyo maana mwaka 1925 ikaundwa kampuni ya Sogefor, na mwaka 1930 mashini za Mwadingusha zikaanza kuzunguka kwenye maporomoko ya mto Lufira. Nyuma ya ukuta wake maji yakajaa, na hilo ndilo ziwa la Tshangalele. Baadaye ikafuata Koni mwaka 1950, kwenye mto huohuo, kisha Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, zote mbili kwenye mto Lualaba karibu na Kolwezi. Nseke peke yake ilijengwa kwa megawati 248. Umeme ulikuwa mwingi kiasi kwamba mwaka huo wa 1956 migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, leo Zambia, ilianza kununua umeme wa Katanga.

Angalieni mpangilio wake: shaba kwanza, nyumba nyuma. Mabwawa hayo hayakujengwa kwa ajili ya taa za Kamalondo wala za Katuba. Nyumba zilipata kile kilichobaki baada ya kiwanda kushiba.

Kwa nini kwingine usiku ni rahisi

Sasa tuangalie bei ya usiku ilitoka wapi. Katika Ufaransa ilienea miaka ya 1960, na kazi yake kubwa ilikuwa kupasha moto maji ya kuoga wakati watu wamelala. Katika Uingereza ilianza mwaka 1978 tarifa inayotoa saa saba za usiku kwa bei ya chini. Sababu ni hii: mashini za makaa ya mawe na za nyuklia haziwezi kuzimwa jioni na kuwashwa asubuhi kwa urahisi. Usiku ofisi zimefungwa, viwanda vingi vimesimama, lakini mashini zinaendelea. Umeme unabaki bila mnunuzi, na muuzaji anaona heri auuze rahisi kuliko kuutupa.

Karibu na sisi, nchi ya Kenya (siyo komine yetu ya Kenya) ilifanya vilevile mwezi wa Desemba 2017. Huko wanatumia mvuke unaotoka chini ya ardhi, Olkaria, na usiku mvuke huo ulikuwa unapotea bure. Serikali ikaamua kupunguza kwa nusu bei ya umeme wa usiku, kuanzia saa nne mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Lakini ilikuwa kwa viwanda na biashara. Nyumba za kawaida hazikuingizwa.

Uganda nayo ina bei za saa kwa watumiaji wakubwa. Kwa nyumba ilichagua njia nyingine mwaka 2022: wanaotumia zaidi ya yuniti 80 kwa mwezi walipewa bei ya chini kwa yuniti zinazofuata, mpaka 150, ili watu wapikie umeme badala ya makala. Hapo anayepewa punguzo ni mpishi, awe anapika saa sita ya mchana au saa mbili ya usiku.

Katanga haina usiku wa viwanda

Sasa mnaona tofauti yetu. Mashine za elektrolizi hazilali. Shituru kule Likasi, na viwanda vipya vya Kolwezi, Fungurume na Likasi, vinataka umeme uleule saa tisa ya mchana na saa tisa ya usiku. Tena bwawa kama la Mwadingusha linaweza kuweka maji ya usiku na kuyatumia jioni inayofuata. Inga ni tofauti kidogo, kwa sababu maji ya mto Kongo yasiyotumika yanapita tu. Lakini umeme wa Inga unatufikia kwa laini moja ya kilometa zipatazo 1.700, iliyomalizika mwaka 1982, na laini hiyo nayo ina mpaka wa mzigo wake. Hata vijiji vilivyo chini ya nyaya zake vinakaa gizani, kwa sababu ni umeme wa aina isiyoweza kuchukuliwa njiani bila mashini kubwa za kuubadilisha.

Tulikuwa na wakati ambapo umeme ulibaki. SNEL iliundwa mwaka 1970 na ikarithi mabwawa ya kampuni za kikoloni. Miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa bado inatoa zaidi ya tani 400.000 za shaba kwa mwaka. Kisha mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, siasa ikaharibika, na baada ya miaka michache uzalishaji ukaanguka mpaka karibu sehemu moja ya kumi. Mnunuzi mkubwa wa umeme akawa kama mgonjwa. Lakini sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilileta makampuni mapya, na mahitaji yakapanda tena wakati mashini zilikuwa zimechakaa. Leo mambo yamegeuka kabisa: migodi yetu inanunua umeme kutoka Zambia na nchi nyingine za kusini. Mwadingusha ilitengenezwa upya na kumalizika mwaka 2021, kwa fedha za mgodi wa Kamoa, na mgodi ukapata haki ya umeme.

Nyumba zetu zinabaki na delestaji. Wakaaji wengi wanajua maana ya kuamka usiku kwa sababu umeme umerudi: mmoja anapiga pasi nguo za shule, mwingine anachemsha maharagi, mwingine anajaza bidoni kwa sababu pampu ya maji nayo imepata nguvu. Tayari tunaishi kwa saa za usiku. Tunachokosa ni haki ya kuzichagua, na punguzo la bei.

Hesabu ya kufanya nyumbani

Kama siku moja SNEL, ama kampuni nyingine iliyoruhusiwa na sheria ya Juni 2014 iliyofungua soko la umeme, italeta tarifa ya usiku kwa nyumba, msiangalie bei ya usiku peke yake. Kwa kawaida anayepunguza usiku anapandisha mchana.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu, siyo bei halisi. Tuseme bei ya kawaida ni franka 100 kwa yuniti, saa zote. Tarifa mpya inasema: usiku 60, mchana 120. Nyumba inatumia yuniti 6 kwa siku, kwa hiyo leo inalipa 600.

Ikiweka yuniti 1 usiku na 5 mchana, italipa 60 na 600, jumla 660. Imepata hasara.

Ikiweka 2 usiku na 4 mchana, italipa 120 na 480, jumla 600. Hakuna kilichobadilika.

Ikiweka 3 usiku na 3 mchana, italipa 180 na 360, jumla 540. Imeokoa franka 60 kwa siku, yaani 1.800 kwa mwezi.

Kwa bei hizo, faida inaanza pale ambapo zaidi ya theluthi moja ya umeme wako inatumika usiku. Sasa uliza: ni kitu gani kinaweza kungoja? Pasi inaweza, maji ya kuoga yanaweza, simu na taa za kuchaji zinaweza, na friza ya mama anayeuza maji baridi inaweza kugandisha usiku na kufungwa mchana. Lakini kinachokula umeme zaidi ni resho. Resho ya wati 1.000 inakula yuniti moja kwa saa moja. Taa ndogo ya wati 10 inahitaji saa 100 kufika hapo. Na resho inatakiwa jioni, watoto wakiwa na njaa. Nani atasonga bukari saa saba ya usiku? Kama tarifa itapandisha bei ya jioni, mama atarudi kwenye mbabula, na fedha iliyookolewa kwenye fakture itakwenda kwa muuzaji wa makala. Usingizi nao una gharama yake, na mara nyingi ni akina mama na wasichana wanaoilipa.

Ongezeni na delestaji. Umeme ukikatika usiku mbili kati ya tatu, yuniti zako zinarudi mchana kwa bei ya juu, na hesabu yote inageuka.

Kompteri ni ya nani?

Jambo la mwisho linawagusa hasa wapangaji na jamaa waliohamishwa na vita. Bei ya saa inahitaji kompteri inayojua saa. Nyumba nyingi hazina kompteri yoyote; zinalipa forfe, kiasi kilekile kila mwezi, hata kama umeme ulikuja siku kumi tu. Kwa anayelipa forfe, usiku na mchana ni sawa. Na anayekodi chumba kimoja ndani ya paseli anamlipa mwenye nyumba sehemu yake. Huyo anaweza kukesha usiku mwezi mzima, lakini faida ikabaki katika mfuko wa mwenye kompteri.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali tarifa ya namna hiyo, ulizeni mambo matatu. Je, kuna kompteri, na punguzo litamfikia nani? Je, umeme utakuwapo kweli katika zile saa za bei ya chini? Je, zaidi ya sehemu ile inayotakiwa ya matumizi yenu inaweza kungoja usiku bila mtu kukosa chakula ama usingizi? Chukueni daftari, andikeni kwa siku saba umeme unakuja saa gani, unaondoka saa gani, na mnawasha nini. Daftari hilo litawajibu vizuri kuliko tangazo lolote. Na wakuu wakija kuzungumza juu ya tarifa, pelekeni daftari hilo mkutanoni.