Kutoka Kibondo mpaka Kasulu: Kwa Miguu na kwa Ndege

Leo tutazungumza juu ya mwendo. Wekeni kalamu na daftari karibu, maana tutafanya na hesabu.

Tazameni ramani ya Mkoa wa Kigoma. Wekeni rula kati ya Kibondo na Kasulu. Mstari ulionyooka ni kiasi cha kilomita 130. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Njia ya mtu ni ndefu zaidi, kwa sababu huzunguka vilima na kutafuta vivuko vya mito.

Zamani watu hawakupima mwendo kwa kilomita. Walihesabu siku, tena walihesabu hongo. Mwaka 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alitoka Bagamoyo mwezi wa Machi, akafika Ujiji mwezi wa Novemba. Karibu na mwisho wa safari alipita nchi ya Waha. Wakuu wa huko walimdai hongo ya vitambaa, mmoja baada ya mwingine, hata akaamua kuondoka usiku kwa siri pamoja na wapagazi wake, wakipita porini. Basi mnaona, urefu wa njia ni jambo moja, na wenye njia ni jambo jingine.

Mwaka 1914 reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Lakini reli ilipita kusini, na Kibondo na Kasulu zikabaki mbali nayo. Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Buha walikwenda kukata mkonge Tanga, wakaitwa manamba. Treni ilikwenda mbio, lakini mtu wa Kibondo alipaswa kwanza kuifikia.

Baadaye miji yote miwili ilipata viwanja vidogo vya ndege. Katika miaka ya 1990 wakimbizi wengi wa Burundi waliingia wilaya hizo kwa miguu, watoto wakiwa migongoni.

Sasa hesabu. Gawanyeni urefu wa njia kwa mwendo wa msafiri. Mpagazi mwenye mzigo akienda kilomita 20 kwa siku, kilomita 130 ni siku sita na nusu. Ndege ndogo ikienda kilomita 260 kwa saa, ni nusu saa tu. Kilomita ni zile zile. Aliye juu hunywa chai Kibondo na kuwahi kazi Kasulu. Aliye chini, siku ya kwanza bado anaviona vilima vya kwao.

Kazi ya nyumbani: kutoka kijijini kwako mpaka hospitali ni kilomita ngapi? Mgonjwa wa kubebwa kwa machela atachukua saa ngapi? Akipelekwa kwa gari je? Na wakati wa masika? Andikeni majibu, mkayasome mbele ya mkutano wa kijiji. Anayedai barabara akiwa na hesabu mkononi husikilizwa zaidi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.