Tindikali ya Sisimizi

Msomaji, kama umepata kupanda mwembe huko pwani, bila shaka wawajua wale sisimizi wekundu waitwao maji moto, washonao majani yakawa nyumba yao. Ukiwaudhi hukuuma, kisha hupulizia jeraha maji yachomayo. Katika maji hayo imo tindikali ambayo nataka kukupa habari zake.

Mwaka 1670 mwanachuoni Mwingereza, John Ray, aliandika barua kueleza jambo la ajabu: ua la samawati likitupwa katika kichuguu cha sisimizi hugeuka jekundu. Tena, sisimizi wakitiwa chomboni na kuchemshwa, mvuke wao ukipoa huwa maji makali kama siki. Mwaka 1749 Marggraf, wa Berlin, aliyasafisha maji hayo. Sisimizi walioangamia kwa ajili ya elimu hiyo hawakuhesabiwa.

Zamani hizo wataalamu wengi walishika kwamba vitu vya namna hii hufanyika ndani ya miili yenye uhai tu. Mwanadamu aweza kuvitoa humo, lakini kuviunda hawezi. Wöhler aliitikisa imani hiyo mwaka 1828, alipopata urea pasipo figo wala mkojo. Kisha, mwaka 1855, Berthelot wa Ufaransa akatwaa ile hewa ya sumu iuayo watu waliolala na jiko la makaa chumbani, akaipasha moto pamoja na potasi kali, akapata chumvi ya tindikali ile ile. Sisimizi hakuwamo hata mmoja.

Basi tazama yaliyofuata. Molekuli ya tindikali hii ina atomu 5 tu: kaboni 1, hidrojeni 2 na oksijeni 2, nayo izungukapo hutoa mawimbi ya redio yaliyo yake peke yake. Mwaka 1971 Zuckerman, Ball na Gottlieb walitangaza kwamba kwa darubini ya redio ya Green Bank, Marekani, yenye upana wa futi 140, wamenasa wimbi lake la sentimeta 18 kutoka wingu kubwa lililo upande wa buruji ya Kausi. Wengine walinasa wimbi lake jingine mwaka 1975, na shaka ikapungua. Hata katika nyota yenye mkia ya Hale-Bopp, iliyoonekana kwa macho mwaka 1997, tindikali hiyo ilikutwa.

Usidhani kwamba huko kuna wadudu. Huko kuna hewa nyembamba na vumbi lililogandamana na barafu, kwenye baridi kali mno. Na wimbi lile la 1971 lilikuwa limekwisha safiri miaka ipatayo 26,000, tangu zama ambazo Berlin haijajengwa wala mwembe haujapandwa pwani.